Mche Haushukuriwi

Mkonge wangu umesimamisha mlingoti.
Jumatatu ulikuwa ncha ya mkuki,
leo umepita ukuta, umepita waya wa umeme,
na watoto wa Nkuhungu wanauliza
kama nimeletewa mnara wa simu.

Miaka kumi na minne nimeuita mvivu.
Ulikaa tu pale kwenye kona, pembeni ya choo,
unanichania kanga, unamchoma pua mbuzi wa jirani,
hauombi maji.
Na mimi, Oktoba, bomba likikohoa hewa tupu,
niliona heri kuwe na mmoja asiyenidai.

Nilipewa na Sechelela.
Siku ya kwanza nahamia, sina hata pazia,
akaja na kitoto cha mkonge ndani ya kopo la rangi,
mizizi miwili, mchanga mwekundu wa Ntyuka.
Nikafungua mdomo. Akaniziba kwa kiganja chenye udongo:
"Usiseme asante. Mche ukishukuriwa hauoti.
Kopo utanirudishia."

Ndivyo ilivyoanza njia ya kupita uani.
Mbegu za mlenda kwenye bahasha ya mshahara,
choroko ndani ya soksi ya mtoto
ambaye sasa ni askari Mtwara,
na za maboga, yale ya Mpwapwa yenye ngozi ya kijivu,
zimeviringishwa kwenye risiti ya kusaga uwele.
Mwalimu Chilewa akishapogoa mzabibu
hugawa pingili, na hesabu yake ni kali: sita, si saba.
Ndahani fundi baiskeli huchukua kila kitu
na kulipa ahadi.
Bado tunampa. Zake huota kuliko zetu,
Mungu anajua kwa nini.

Ukiniuliza hili ua ni la nani
nitakuonyesha kwa kidole tu:
huyu Mama Mgonela, anapenda kivuli;
huyu Chilewa, amekwisha panda juu ya paa;
huyu Sechelela, usimsogelee.

Kisha ukutani kwake ikapigwa X nyekundu.
Mji unakua, alisema kijana mwenye ramani,
na barabara ilikuwa na haki ya kupita
pale lilipokuwa jiko la Sechelela.
Alilipwa. Alikwenda Kibaigwa kwa mwanawe
na masufuria, kuku saba, na mlango, aliung'oa mwenyewe.
Mikonge yake ilibaki, ikalimwa na greda.
Siku tatu barabara ilinuka kijani.
Kopo lilibaki kwangu.

Sasa huko juu maua ya njano, nyuki wanavuma,
na huku chini majani yanalegea, yanalala moja moja
kama mtu anayevua bangili.
Najua. Mkonge huchanua mara moja.
Chilewa anasema kata mlingoti mapema, labda utapona.
Nilishika panga. Nikalirudisha.

Mvua za kwanza zilipogonga, vitoto vikaanza kudondoka,
vidogo kama vidole, vimezaliwa na miiba yao tayari.
Nilivihesabu hadi mia mbili, nikachoka.
Ndahani alichukua ndoo nzima
na kuahidi kunitengenezea toroli.

Kimoja nikakiweka kwenye lile kopo,
kutu imelila kitako,
nikaenda nalo Kibaigwa.

Sechelela amepungua. Macho yameingia ukungu.
Akapapasa jani, likamchoma, akacheka:
"Wangu huyu."
Halafu akanyamaza.
Nikaona midomo yake inatafuta neno,
neno lile lile,
na mikono yangu ilikuwa safi mno kumziba.
Nikawahi:
"Kopo lako hilo. Nimechelewa."